Kisu Imepotea

Jumamosi, 2 Februari

Baba amesema "kisu imepotea."

Naandika hivyo hivyo alivyotamka. Tulikuwa mezani. Baba akainua kitambaa cha meza, akachungulia chini, akasema kisu imepotea. Mdogo wangu alipiga kelele kwa furaha: Vyombo! Vyombo! Maana sheria ya nyumba hii aliitunga Baba mwenyewe. Anayevunja upatanisho wa ngeli wakati wa kula ndiye anayeosha vyombo. Mimi nimewahi kuosha kwa sababu ya "machungwa mbili". Mama ameosha mara nyingi wala hajali, anasema yeye alisomea hesabu. Baba hajawahi kuosha. Hata mara moja! Kazini wanamwita Bwana Ngeli.

Basi akacheka, akaosha. Akasugua mpaka matako ya sufuria. Lakini alipokuwa anajifuta mikono aliniuliza kwa sauti ya chini: Kwani nilisema nini?

Nikamwambia. Akairudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kuona kama una chumvi. Kisu imepotea. Kisu imepotea. Akasema: Sasa kosa liko wapi?

Watu wengi huongea hivyo. Muuza duka, kondakta, hata mwalimu wetu wa michezo. Kwao si ugonjwa, ni haraka tu. Lakini Baba hana haraka. Hajawahi kuwa nayo.

Jumanne, 5 Februari

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike ukweli.

Si mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza mezani.

Baba ni msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Yeye ndiye jicho la mwisho. Akishaandika "Ichapwe" pembeni mwa ukurasa, hakuna anayeugusa tena, unakwenda mashineni. Karatasi nyingine huja nazo nyumbani, na tangu nikiwa darasa la tatu tumekuwa tukisomeana. Yeye anashika mswada na kusoma kwa sauti, pamoja na alama zote: "Watoto mkato wakubwa kwa wadogo mkato walifika mapema nukta." Mimi nafuata kwenye prufu kwa kidole. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo watu wazima wanavyosali.

Tukimaliza, yeye hupitia prufu peke yake kwa kalamu ya risasi. Hapo ndipo penye jambo. Mwezi wa nane nilikuta ameacha kosa. Nikalisahihisha, nikaona fahari. Kisha nikakuta jambo baya zaidi: amekosoa kilicho sahihi. "Ukuta umebomoka", akafuta, akaandika "imebomoka". Kwa mwandiko wake ule mzuri! Nilisubiri aende kuoga, nikachukua raba.

Tangu hapo raba haikai mbali nami.

Na maneno yanamkimbia. Siku hizi anasema "kile cha kuchujia", "kile cha mlangoni". Analizunguka neno kama mtu anayezunguka dimbwi ili asilowe. Mama anasema ni uchovu. Bibi aliyemzaa Baba naye walisema ni uchovu, mpaka akafa bila kumtambua mtu. Hilo halizungumzwi hapa.

Alhamisi, 14 Februari

Balaa.

Juma lililopita nilikuwa na mitihani. Siku tatu sikusomeana na Baba. Siku tatu tu! Alipeleka kurasa zake mwenyewe, na zimechapwa. Kitabu cha sarufi cha darasa la nne, ukurasa wa 61, na si ukurasa wowote — ni jedwali la ngeli lenyewe. Kwenye safu ya KI-VI imeandikwa: Kiti imevunjika. Viti zimevunjika. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa. Aliyekosoa ni Baba, na pembeni "Ichapwe".

Aliyegundua ni mfunga vitabu, tena kwa kicheko. Alidhani ni mzaha wa mtu ofisini.

Meneja alimwita Baba. Mama ameniambia kwamba hakufoka, na afadhali angefoka. Alivuta kiti, akamwambia, Bwana Ngeli, wewe ndiye uliyenifundisha mimi kazi hii. Nenda ukapumzike, uniletee barua ya daktari.

Baba amerudi saa nne asubuhi. Nilimkuta amekaa sebuleni na koti lake, ule ukurasa magotini. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza: Hebu nionyeshe, mwanangu. Wote wanasema kuna kosa.

Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Hakuelewa. Najua anavyotikisa kichwa anapoelewa.

Jumapili, 17 Februari

Shangazi amekuja. Kumekuwa na kikao.

Mama amepata habari za daktari wa ubongo katika hospitali kubwa. Kuna mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya kichwa bila kupasua. Mama akaanza na methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi naye, hata hajaweka mkoba chini: Aliyelala usimwamshe, wifi, ukimwamsha utalala wewe. Methali zote mbili ni kweli. Hiyo ndiyo taabu ya methali.

"Hiyo picha inaponya?" Shangazi aliuliza.

"Haiponyi. Inaonyesha."

"Ya nini basi? Mtaitundika sebuleni?"

Baba ndiye aliyecheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alieleza kwamba huenda ni kitu cha kuondolewa — damu iliyoganda, uvimbe, maji yaliyojaa mahali. Watu wamefanyiwa upasuaji wakarudi kazini. Tukikaa kimya kwa kuogopa, kitu kidogo kitamla.

Shangazi akauliza: "Na kama si hicho? Kama ni kile cha mama yetu?"

Mama alianza kukusanya vikombe.

"Maana kile hakina dawa, wifi. Mtakuwa mmempa kaka yangu jina la ugonjwa, basi. Leo ana makosa mawili matatu. Kesho atakuwa mgonjwa. Wakishamwita mgonjwa, hata akipiga chafya watasema ni kichwa."

Mama alisema jina hilo lipo hata tusipolitaja. Shangazi akasema lisipotajwa mtu hulala usingizi. Wakageuka wote wawili kumtazama Baba, kama watu walioshindwa kuamua bei.

Baba akainua kidole, kama afanyavyo anapotaka kusema jambo zito. "Mficha maradhi," akaanza. Akasimama. Tulimngoja. Mdogo wangu alitaka kumalizia, nikamfinya. Kisha Baba akasema, "Mficha maradhi hufichwa."

Shangazi akapiga makofi: Umesikia, wifi? Bado ana akili kutushinda! Sote tukacheka. Lakini mimi nilikuwa namtazama machoni, na sijui. Huenda ulikuwa utani. Huenda aliingiza mkono mahali methali ilipokuwa, akakuta pamebaki patupu.

Nilimsindikiza Shangazi hadi getini. Akanishika mkono, akaukaza mpaka pakauma. Wewe una masikio ya baba yako, aliniambia. Umewahi kunisikia mimi nikikosea?

Nilisema hapana, Shangazi. Ni kweli, hapana. Ila nilikuwa sijawahi kusikiliza. Alipokuwa anaagana na jirani yetu barabarani nilijikuta nahesabu ngeli zake.

Jumatano, 20 Februari

Kwa daktari. Mama aliomba ruhusa shuleni nifuatane nao.

Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko Mama, ana viatu vya raba na sauti ya mtu asiyeharakishwa. Alimwita Baba "Mzee", akamwamkia kabla ya kushika faili. Nikampenda hapo hapo. Kisha akaanza kumjaribu, na nikaacha kumpenda.

Taja wanyama wote unaoweza kwa dakika moja. Baba akakaa vizuri. Mbwa. Paka. Ng'ombe. Mbuzi. Simba... Yule mrefu. Tena paka. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Akasema, "Na meneja wangu." Daktari alicheka kweli, si kwa adabu. Lakini niliona alichoandika: 5.

Alimwonyesha picha ya kifaru. Baba akaeleza anakula nini, anaishi wapi, kwamba haoni vizuri na ana hasira. Kila kitu isipokuwa jina. Tena alisema "inakula", "inaishi". Nilipata mafua ghafla, nikachukua leso.

Halafu daktari akauliza ni tangu lini. Mama akasema tangu mwezi wa kwanza. Mimi nikasema tangu mwezi wa nane.

Wote waligeuka. Nikaeleza kuhusu raba. Nilieleza nikiangalia sakafu, vigae vya kijivu, kimoja kimepasuka. Mama alisema "Mungu wangu" mara moja tu. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba ingalifaa kuwa na picha ya wakati ule ili tulinganishe na ya sasa, tuone kwa mwendo gani. Kwa upole! Afadhali angenizaba kofi.

Alipofikia habari ya picha aliongea na Baba, si juu ya kichwa cha Baba. Nimejitahidi kukumbuka. Alisema picha ni kama ramani ya mji iliyopigwa kutoka angani. Itaonyesha nyumba zilizobomoka. Haitaonyesha waliomo wanasemezana nini. Huenda ikaonyesha kitu cha kutibiwa, na yeye angependa hivyo. Huenda ikatoka safi ilhali ugonjwa umeshaanza, na hapo watu hujidanganya. Huenda ikaonyesha sehemu ya lugha imesinyaa, na kwa hilo hana dawa ya kuirudisha. Ana mazoezi ya usemi, ana ushauri, na muda wa kupanga mambo. Muda, Mzee, alisema, ndicho kitu pekee picha inachoweza kukupa. Na usingizi ndicho kitu cha kwanza itakachochukua.

Mama akauliza kuhusu barua aliyoitaka meneja. Daktari akajibu kwamba majibu ni mali ya Mzee, si ya kiwanda. Lakini mtu akiulizwa na asijibu, watu hujijibia.

Kwanza damu. Huenda ni upungufu wa vitamini, au tezi ya shingoni. Hayo yapo na yanatibika!

Naomba iwe vitamini. Sijawahi kuomba kitu kidogo hivi kwa nguvu hivi.

Jumamosi, 23 Februari

Mwalimu wa insha anatufundisha kuchora mstari katikati ya ukurasa, huku faida, kule hasara. Nimejaribu. Nimeandika "kujua" upande wa faida. Kisha nikaliandika tena upande wa hasara. "Kazi ya Baba" nayo imekaa pande zote mbili. Akipigwa picha huenda akaipoteza. Asipopigwa, kuna ukurasa mwingine wa 61 unamngoja, na watoto wa darasa la nne wataamini kitabu. Mimi niliamini kila kitabu.

Kuna jambo moja sikuliweka upande wowote. Bibi, halafu Baba. Mimi nina masikio yake, kila mtu husema. Picha ya kichwa cha Baba ni ya watu wengi. Mdogo wangu ana miaka saba, anachora meli.

Nimeuchana ukurasa ule.

Alhamisi, 28 Februari

Damu ni safi. Vitamini zipo, tezi ni nzima. Mama alisoma majibu kwa simu, akasema "alhamdulillahi" kwa mazoea, kisha akakaa chini. Kabla ya leo sijawahi kuhuzunishwa na habari njema.

Jioni Baba aliniita tusomeane. Kazini hawampi kitu siku hizi, kwa hiyo alichukua kitabu cha zamani rafuni. Alisoma vizuri, nukta na mkato. Akifuata maandishi hapotei. Ni akiyaacha tu.

Katikati ya aya akasimama. Akasema, Nilikuwa naacha karatasi chafu, asubuhi naikuta safi. Nilijua ni wewe. Raba yako inaacha vumbi la waridi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Na wewe?

Nilikuwa sikosoi prufu tu, nilikuwa nimemficha asijione. Naye alikuwa ananiachia nimfiche. Wapumbavu wawili wenye mapenzi.

Kisha akaniambia maneno haya, na nimeyaandika mara moja yasije yakabadilika. Aliyatafuta moja moja, ilichukua muda mrefu:

"Nataka waniambie wakati bado najua maana ya neno watakaloniambia."

Hakuna kosa hata moja. Nimeyapitia mara tatu.

Atapigwa picha.

Jumanne, 5 Machi

Picha imepigwa.

Chumba kina baridi ya makusudi. Fundi wa mashine alimwambia Baba avue mkanda, saa, funguo, kila kitu cha chuma. Una chuma mwilini, Mzee? Hapana, kijana wangu, labda ugumu wa kichwa. Wakacheka. Nikawaza: sentensi nzima hiyo, nzima kabisa! Huenda anapona. Nimekuwa hivi siku hizi. Sentensi moja nzuri nafufuka, moja mbovu nafa.

Walimpa mpira mdogo wa kubonyeza akiogopa. Walimziba masikio. Kitanda kikamwingiza taratibu, kichwa kwanza, mpaka zikabaki soksi zake. Ya kushoto ilikuwa imegeuzwa nje ndani. Mlango ukafungwa.

Nje tulisikia. Mgongano, kama mtu anayepigilia misumari ndani ya pipa. Kimya. Mlio mrefu. Mgongano tena. Karibu dakika arobaini. Mama alishika koti la Baba kifuani. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, Najuta toka asubuhi, lakini nisingemleta ningejuta toka asubuhi vilevile.

Alipotoka alikuwa na alama ya kifaa usoni, kama mtoto aliyelalia mkono. Hakuwa amebonyeza mpira. Nilimuuliza kulikuwaje huko. Alitafuta. Akasema, "Wanachapa."

Fundi wa mashine alimsaidia kuvaa saa. Asubuhi alikuwa mchangamfu. Sasa alikuwa anahangaika na kifungo cha saa bila kuinua macho. Majibu mtapewa na daktari, alisema. Sikuwa nimemuuliza.

Jumatano, 6 Machi

Leo Baba ameniita kwa jina la Shangazi, kisha akajirekebisha. Kila baba hufanya hivyo. Zamani nisingaliandika.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye korido ya hospitali, daftari juu ya goti. Mwandiko mbaya. Lazima niandike jinsi ilivyokuwa kabla hawajaanza kuniambia ilivyokuwa.

Tuliingia saa tatu. Picha ilikuwa tayari kwenye skrini, lakini daktari alikuwa ameielekeza upande, mimi niliona ukingo mweupe tu. Hakuanza kusoma. Alimwambia Baba: Mzee, hii ni yako. Unaweza kuambiwa yote. Unaweza kuambiwa nusu. Unaweza kuniambia nizungumze na mama peke yake, wewe ukaenda kunywa chai. Ila nikishawaonyesha, siwezi kuwafanya msione tena.

Kwa hiyo siyo safi. Ingekuwa safi asingeanza hivyo. Mama naye alielewa, niliona kidole gumba chake kikisugua pete.

Baba aliitazama skrini kwa nyuma, nyaya na vumbi. Kisha akasema:

"Geuza."

Daktari akashika skrini, akaanza kuileta kwetu. Baba akainua kiganja. "Geuza, geuza!" Daktari akasimama. Mama akasema, Anataka kuona. Daktari akasema, Au anataka niirudishe ukutani? Baba akasema mara ya tatu, kwa hasira, kama anavyowaambia watu wasiojua Kiswahili: "Geuza!" Na mkono wake ukapinduka hewani, huku, kule.

Daktari akatoa mkono kwenye skrini. Alisema hawezi kubahatisha jambo kama hili. Ana mgonjwa mwingine wa dakika kumi. Nendeni mkamuulize vizuri, alisema. Mama akaenda kunawa uso. Aliponipita aliniambia, Muulize wewe, wewe ndiye unayeelewana naye.

Nimemuuliza. Nimetumia maneno mepesi, polepole, ana kwa ana. Baba, aigeuze kwetu tuone, au aigeuzie ukutani?

Alifikiri. Akasema, "Ndiyo."

Alhamisi ile alisema wazi. Nina maneno yake hapa, kurasa chache nyuma, bila kosa. Lakini mtu ana haki ya kubadili mawazo. Nami nitajuaje kama amebadili mawazo au amepoteza neno tu?

Nikaona nimgawie swali vipande viwili. "Kwetu, Baba?"

"Ndiyo." Alitabasamu hata. Amenishika mkono wa kushoto, ndiyo maana daftari linayumba.

Hilo ni jibu. Ni jibu kamili, na ndilo alilolitaka Alhamisi, na naweza kulipeleka mle ndani nikiwa mkweli. Kimebaki kipande cha pili. Ukutani, Baba? Ni maneno mawili tu. Sijamuuliza. Akisema hapana, tunajua. Akisema ndiyo —

Sijamuuliza. Dakika saba zimepita. Mama anakuja kule mwisho wa korido, uso umelowa, anainua kidevu: vipi?

Mlango umefunguliwa. Daktari amesimama na mkono kwenye kitasa. "Haya, Mzee kasemaje?"

Ananiuliza mimi.